Pia na Njia ya Pembe

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari za mchezo wa watoto. Najua wapo watakaosema kwamba yako mambo mazito ya nchi yanayongoja, iweje mtu mzima mwenye mvi zake achukue muda wa redio kusimulia vitu vya kuchezea. Nakuomba uvumilivu. Mchezo wenyewe utatupitisha Unguja, Marekani na Japani kabla haujaturudisha Tabora, na njiani tutakutana na mambo ambayo si ya kitoto hata kidogo.

Hivi karibuni nilikuwa Tabora kwa shughuli ya kifamilia. Jioni moja nilitoka na mjukuu wa dada yangu, kijana wa miaka tisa, tukaelekea upande wa sokoni. Machinga mmoja alikuwa ametandaza turubai lake chini, amepanga miwani ya jua, vitana, chaja za simu na soksi, na katikati ya vitu hivyo vijisanduku vyenye picha za madragoni yanayotema moto. Kijana akasimama kama aliyepigwa msumari.

"Babu, ninunulie Beyblade."

Nikakichukua kisanduku, nikakigeuza huku na huku. Ndani mlikuwa na kisahani cha plastiki, pete ya chuma, ncha ya kusimamia, na kifyatulio chenye ukanda wa meno unaovutwa. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hii ni pia."

"Hapana, Babu. Pia ni ya zamani. Hii ni Beyblade."

Basi tukapatana bei na yule machinga, nikatoa shilingi elfu tano, tukaondoka. Lakini neno lile la kijana lilibaki kichwani mwangu, na ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Sisi tuliokulia Ng'ambo na Kanyenye tulikuwa na pia zetu, na hakuna aliyetuuzia. Ulitafuta tawi la mpera, maana mpera ni mgumu na haupasuki ovyo. Ulikata kipande cha urefu wa kidole, ukakichonga kwa kisu cha jikoni ulichokichukua bila ruhusa, juu kipana na chini kikali, ukagongomea kichwa cha msumari kwenye ncha ili isilike mapema. Mjeledi ulikuwa fimbo yenye kamba ya katani, au gome la miyombo lililosokotwa. Uliizungushia pia ile kamba, ukaivuta kwa nguvu, ikaanguka chini ikizunguka, kisha ukaichapa na kuichapa isichoke. Pia nzuri ilizunguka mpaka ikaonekana imesimama. Pia mbaya ilitikisika kama mlevi, na mwenye nayo alichekwa mpaka akaenda kuchonga nyingine.

Tulizigonganisha. Ya nani itaangushwa, ya nani itabaki? Aliyeangushiwa yake aliitoa kwa mshindi. Nakumbuka mwalimu wetu mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, alituona tukicheza wakati wa kengele, akakusanya pia zetu zote akazitia jikoni kwa mpishi wa uji. Zilikuwa kumi na moja. Yangu ilikuwa imeshinda juma zima.

Neno lenyewe ni la bahati katika lugha yetu. Pia ni "vilevile", pia ni ule mfupa wa mviringo ulio gotini, na pia ni mchezo. A. C. Madan, mmisionari aliyekaa Unguja na kutoa kamusi yake ya Kiswahili mwaka 1903, aliliweka neno hilo kama jina la mchezo wa watoto. Na mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, alipokuwa akizunguka kusini mwa nchi hii katika nyanda za Makonde, aliwakuta watoto wakizungusha pia, akaziandika habari zao. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba pia ililetwa juzi kwa ndege.

Sasa tuigeukie hiyo Beyblade, na tuitendee haki, kwa maana nayo ina asili yake, na asili hiyo inafanana na yetu kuliko kijana wangu anavyodhani.

Huko Japani watoto wana mchezo wa miaka mingi uitwao beigoma. Koma kwa lugha yao ni pia, na bai ni aina ya kombe la baharini lenye umbo la msokoto. Zamani walilichukua kombe hilo, wakalijaza mchanga au udongo ili liwe zito, wakaliziba kwa nta, wakalizungushia kamba na kulirusha juu ya kitambaa kilichotandikwa juu ya pipa. Kombe lililomtupa mwenzake nje ndilo lililoshinda, na mshindi alichukua vyote viwili. Baadaye kombe likaachwa, zikaanza kusubiwa pia ndogo za chuma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chuma kilipoadimika, walizifinyanga kwa udongo wa kuchoma. Mtoto ni mtoto. Ukimnyima chuma atacheza na kigae.

(Na kombe la baharini si kitu kigeni Unyamwezi, ingawa Tabora iko kilomita zaidi ya 800 kutoka Dar es Salaam kwa reli. Watemi wa zamani walivaa kisahani cheupe kilichokatwa kwenye kombe lililotoka Bahari ya Hindi, nacho kilikuwa alama ya enzi. Kombe lile lile la pwani, kwetu likapanda shingoni kwa mtemi, kwao likashuka mkononi kwa mtoto.)

Mwaka 1999 kampuni ya Takara ya Tokyo iliichukua beigoma, ikaitengeneza kwa plastiki katika vipande vinavyofunguka na kubadilishana, ikaipa kifyatulio badala ya kamba na bakuli badala ya kitambaa cha pipa. Ndipo ikawa Beyblade. Lakini hapo ndipo penye siri, na naomba tupaangalie vizuri. Kama wangeishia hapo, wangeuza pia za plastiki kwa msimu mmoja na kusahauliwa. Wao walileta hadithi. Mwaka huo huo wa 1999 mchoraji Takao Aoki alianza kuchora hadithi ya picha, ambayo Wajapani huiita manga, katika gazeti la wavulana liitwalo CoroCoro Comic. Januari 2001 hadithi hiyo ikaingia kwenye televisheni ya Japani kama filamu za katuni, yaani anime. Michezo ya video nayo ikatoka, ya Game Boy na ya PlayStation, ili hata mtoto asiye na pia aweze kuizungusha kwenye kioo. Kampuni ya Hasbro ikaisambaza Marekani na Ulaya.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kuna kijana, Wajapani wanamwita Takao, na katika tafsiri ya Kiingereza akabadilishwa jina kuwa Tyson. Pia yake inaitwa Dragoon, na ndani yake anakaa dragoni wa buluu anayetokea pambano linapopamba moto. Wenzake wana ndege wa moto, chui mweupe na kobe, nao ni wanyama wanne walinzi wa pande nne za dunia katika imani za kale za Uchina. Kila mashindano mapya yanaleta adui mpya, na adui mpya analeta pia mpya, na pia mpya inangoja dukani kesho yake asubuhi. Ujanja wa namna hii ni lazima mtu auvulie kofia. Mchezo ulipopoa, ulifufuliwa mwaka 2008 kwa pia zenye chuma, ukafufuliwa tena 2015, na tena 2023. Kila kizazi kinadhani ni cha kwanza.

Nimetaja Takara, na kuna jambo moja la kampuni hiyo ambalo sitalipita. Ilianza mwaka 1955 kama kiwanda kidogo cha vitu vya plastiki laini. Kilichoipa jina ni mwanasesere wa kujaza upepo aliyetoka mwaka 1960, aitwaye Dakko-chan, mweusi ti kama masizi, midomo imetokeza, amevaa kijisketi cha majani, ambaye wasichana wa Tokyo walimning'iniza mkononi kama pambo. Aliuzwa kwa wingi wa ajabu. Mwanasesere huyo alikuwa nembo ya kampuni mpaka mwaka 1990, baada ya watu kusema wazi kwamba huyo ni Mwafrika aliyechorwa kwa kejeli. Sisemi haya ili mtu aitupe pia ya mtoto wake. Nasema ili tukumbuke kwamba vitu vya kuchezea vina historia, na safari nyingine sisi tumo ndani yake bila kualikwa.

Na tumo ndani yake kwa njia ya pili, iliyo kubwa zaidi. Nayo ni plastiki yenyewe.

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora. Walikuta mji wa wafanyabiashara Waarabu wakiishi katika matembe mapana, na njia kuu mbili zikipishana: moja kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, nyingine kupanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mizigo iliyoingia ilikuwa nguo za merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Iliyotoka ilikuwa hasa pembe za ndovu. Wabebaji walio wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliopatana ujira wao, kila mmoja na mzigo wa ratili sabini hivi begani. Na wapo waliopita njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa minyororo, nao hawakupatana na mtu. Historia ya Tabora isiyowataja hao haijakamilika.

Burton alikuwa na kalamu yenye dharau nyingi kwa watu wa nchi hii, lakini jicho lake halikuwa pofu. Aliandika kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mzigo mpaka pwani ndiyo ilikuwa mizani ya uanaume, na kijana aliyekaa nyumbani walimcheka kuwa anaatamia mayai kama kuku. Kisha akaongeza jambo ambalo huwa nalirudia kulisoma: kwamba watoto wa miaka sita au saba walionekana tayari wakibeba kijipembe kidogo begani.

Burton aliona humo silika, kama ya mtoto wa mbwa wa kuwinda. Mimi naona watoto wakicheza. Mtoto wa Unyanyembe hakuhitaji gazeti la picha wala televisheni ili kujua shujaa ni nani. Shujaa alikuwa kaka yake aliyerudi kutoka Unguja na kanga ya mama na maneno mapya ya Kiswahili mdomoni. Mchezo ulimwingiza njiani kabla miguu yake haijakomaa. Misafara haikuwa na haja ya kutangaza nafasi za kazi.

Pembe hizo zilikwenda wapi? Hapa ndipo msikilizaji wangu anaweza kushangaa. Zilikwenda kuwa vitu vya kuchezea vya watu wazima. Zilifika Unguja, soko kubwa la pembe duniani kwa karne ile, na kutoka hapo sehemu moja ilikwenda India kuwa bangili, sehemu ilikwenda London, na sehemu ilikwenda Marekani, kwa wale wale waliotuletea ile nguo ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Katika jimbo la Connecticut kulikuwa na mji uliojengwa juu ya biashara hiyo, na mpaka leo unaitwa Ivoryton, yaani Mji wa Pembe. Huko na katika mji jirani wa Deep River walikata pembe kuwa vipande vyembamba vya kufunika funguo za piano. Viwanda vingine vilichonga vitana, dhumna, sataranji na tufe za biliadi.

Tuziangalie hizo tufe. Tufe ya biliadi lazima iwe ya mviringo kamili na uzito wake uwe sawa pande zote, ama sivyo itakwenda upande mezani. Kwa hiyo fundi hakuweza kuikata popote. Ilibidi ule mshipa upitao katikati ya pembe upite katikati kabisa ya tufe. Pembe nzima ilitoa tufe chache tu zilizo nzuri, tena baada ya kuachwa zikauke kwa muda mrefu. Yeyote aliyewahi kuchonga pia ya mpera atamwelewa fundi huyo mara moja, kwa kuwa shida yao ni moja. Katikati isipokuwa katikati, kitu kinatikisika.

Na pembe ikawa ghali. Kumbi za biliadi ziliongezeka Ulaya na Marekani, na ndovu hawaongezeki kwa kasi ya kumbi. Kwetu huku wawindaji waliwamaliza karibu na njia, misafara ikalazimika kuvuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema kuwatafuta. Mwaka 1863 kampuni ya Phelan na Collender ya New York, watengenezaji wa meza za biliadi, ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa mtu atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe.

Aliyelichukua shauri hilo ni mpiga chapa wa mji wa Albany aitwaye John Wesley Hyatt. Baada ya majaribio mengi, yeye na ndugu yake walisajili uvumbuzi wao mwaka 1870. Walichukua pamba iliyopitishwa kwenye asidi, wakaichanganya na kafuri chini ya joto na mgandamizo mkubwa, wakapata kitu kigumu, chepesi, kinachofinyangwa kikiwa cha moto. Wakakiita seluloidi. Kafuri hiyo, msikilizaji, ni ile ile tunayowatilia maiti wetu.

Kama tufe, seluloidi haikuwa na sifa njema. Inashika moto upesi, na Hyatt mwenyewe baadaye alisimulia kwamba tufe zilizopakwa dawa hiyo ziliweza kulia mfano wa fataki zikigongana, hata mwenye baa mmoja wa Colorado akamwandikia barua kwamba yeye binafsi hakujali kelele hiyo, ila kila ilipolia watu wote ukumbini walichomoa bastola. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Seluloidi ikawa vitana, kola za shati, filamu za picha, na wanasesere. Wataalamu wanaihesabu kuwa ndiyo plastiki ya kwanza kufanikiwa sokoni.

Na kafuri ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka kisiwa cha Formosa, ambacho leo ni Taiwan, na kisiwa hicho kilitwaliwa na Japani mwaka 1895. Miaka minne baadaye serikali ya Japani ikaifanya biashara ya kafuri kuwa yake peke yake. Mwenye kafuri akawa na seluloidi, na mwenye seluloidi akawa na wanasesere. Hivyo ndivyo Japani ilivyojifunza kuujaza ulimwengu vitu vya kuchezea vya plastiki, nusu karne kabla Takara haijazaliwa.

Sisemi kwamba pia ile ya elfu tano imetengenezwa na Tabora. Pembe za tufe zilitoka pia Kongo, Sudan na kwingineko, na plastiki ya leo inatokana na mafuta ya petroli, si kafuri. Lakini ukiufuata uzi huo nyuma, kutoka kwa mjukuu wangu hadi kiwandani, hadi kafuri, hadi kwa Hyatt, hadi kwenye meza za biliadi zilizokosa pembe, unamkuta mtu anayepanda mlima wa Usagara na pembe begani. Yeye hakujua kinachotengenezwa mbele ya safari. Kwa ajili ya kazi yake na kazi ya wenzake, pembe zilifika kwa wingi, wakazoea kuzitumia, na zilipoanza kuwashinda bei wakavumbua kitu kingine. Siku hizi vijana wa Tabora wanacheza pool katika baa, na tufe wanazozigonga ni za plastiki. Zinazosifiwa kuliko zote duniani zinatengenezwa Ubelgiji, taifa ambalo majeshi yake yaliuteka mji huu Septemba 1916. Sijui kama kuna mchezaji mmoja anayefikiria mambo haya anapopiga.

Ndovu nao hawakuokolewa na seluloidi kama baadhi ya watu wanavyopenda kusema. Piano ziliendelea kutaka pembe, na ilibidi ingojewe mwaka 1989 ndipo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Hapa kwetu majangili walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao, nao waliirudia tena baadaye.

Turudi kwenye hadithi, maana nimesema siri ya Beyblade ni hadithi. Katika misafara ya zamani mwenye mali mara nyingi alikuwa mgeni. Alikuwa Mwarabu au Mhindi wa pwani aliyetoa mtaji, baadaye Mzungu mwenye bendera. Lakini aliyetangulia mbele, aliyejua maji yako wapi, hongo ya mtemi fulani ni kiasi gani na siku gani msafara upumzike, alikuwa kirangozi, na kirangozi kwa kawaida alikuwa Mnyamwezi. Walivaa manyoya na kushika bendera, na msafara mzima uliwafuata. Stanley alipotoa kitabu chake mwaka 1872 kueleza alivyomkuta Livingstone, kitabu kilinunuliwa kila mahali, na picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya wanaume wawili wakivuliana kofia kule Ujiji. Wenye njia yao walibaki pembeni mwa picha.

Sasa sikiliza haya. Katika mfululizo wa Beyblade ulioanza kuonyeshwa Japani mwaka 2010 kuna mashindano ya dunia. Kila sehemu inaleta timu yake, na Afrika nayo ina timu, inaitwa Wild Fang. Nikamwomba kijana anionyeshe kwenye simu ya mama yake, nikakaa nikatazama. Vijana ni hodari, wana simba, wanapigana vizuri. Nikauliza kiongozi wao ni nani. "Kyoya," akanijibu. Kyoya ni Mjapani, aliyehamia kwenye timu ya Afrika ili apate nafasi ya kupambana na rafiki yake. Nikacheka peke yangu. Hata Burton, pamoja na kalamu yake ile, alimwacha kirangozi awe Mnyamwezi.

Nisieleweke vibaya. Wajapani hawana kosa kuipenda pia yao. Waliitazama beigoma, mchezo wa vichochoroni uliochezwa na watoto maskini wenye kamasi puani, wakaona una thamani ya kuchorwa, kusimuliwa na kupewa muziki. Sisi za kwetu mwalimu alizitia chini ya sufuria ya uji. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walitangulia tangu miaka ya 1970, na tulipokipata tulianza kwa kununua hadithi za wengine, kwa kuwa ndizo zilizokuwa rahisi. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka kwangu ni kwamba mchoraji wa katuni hakosekani katika mji wowote wa nchi hii, na wahadithi wamejaa, na njia ya misafara ya urefu wa kilomita zipatazo 1,200 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji imejaa visa ambavyo mtu hahitaji kuongeza dragoni.

Kabla sijaondoka Tabora nilikata tawi la mpera uani kwa dada. Mikono haina nguvu za zamani, lakini haikusahau. Jioni nikawa na pia, nikagongomea msumari, nikasokota kamba. Kijana alikuwa ameweka beseni la kufulia katikati ya uwanja, akafyatua Beyblade yake ndani, ikalia kama nyuki. Nami nikaitupa yangu. Shida ikajitokeza hapo hapo: ndani ya beseni huwezi kuchapa, mjeledi unagonga ukingo. Yangu ilizunguka kwa nguvu za kwanza tu, ikaigonga ya plastiki mara mbili, ile ikaruka ikagawanyika vipande vitatu, pete huku, ncha kule. Lakini vipande vile vimetengenezwa ili vifunguke. Akaviokota, akavibana, akafyatua tena, na safari hii mpera wangu ukalala chali. Tukarudia mpaka giza, na sitasema nani alishinda zaidi.

Akaichukua pia yangu akaipima mkononi. "Babu, hii inaitwaje?"

"Pia."

"Najua. Jina lake."

Sikuwa na jibu. Za kwetu hazikuwa na majina. Akafikiri kidogo, akasema, "Tuiite Mirambo."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nikamwuliza, Mirambo ni nani? Akajibu pasipo kusita kwamba ni kambi ya jeshi.

Basi nikakaa chini ya mwembe, nikaanza kumweleza habari za mtemi wa Urambo na vita vya mwaka 1871, jinsi Waarabu wa hapa walivyotoka na bunduki zao, na jinsi alivyowarudia mwezi Agosti akauchoma mji sehemu kubwa, Stanley akiwa Kwihara anatazama moshi. Alisikiliza, kidevu juu ya magoti, mpaka pale nyumba zilipoanza kuungua. Hapo akainuka, akaenda kuleta beseni, akasema niendelee kusimulia wakati yeye anaizungushia Mirambo kamba.